Kiti cha Fundi

Pale Biharamulo mafundi wa magari walikuwa wengi, lakini fundi wa breki alikuwa mmoja tu, Sabiti. Ungemuuliza mwenyewe angekwambia hivyo hivyo, tena pengine asingengoja umuulize. Baba yake alitoka Tanga akifuata malori ya kutengeneza barabara, akaoa huku, akafungua gereji karibu na Boma, akazeekea humo. Alipokufa aliacha nyumba, rundo la vyuma chakavu na sharti moja: aliyefunga breki ndiye anayekaa. Maana yake, gari likishatengenezwa, kabla mwenyewe hajakabidhiwa, linateremshwa mteremko wa Boma kutoka juu mpaka darajani. Breki ya mkono inafungwa kamba ili mtu asiiguse. Na kwenye kiti cha abiria anakaa fundi aliyefunga breki, mikono magotini. Watu walikiita kiti cha fundi.

Sabiti alikikalia kiti hicho tangu ujana wake. Lori alikaa, basi alikaa, Landrova ya bwana shamba alikaa. Kijana wake mmoja, Gozbert, siku moja alikataa kukaa akisema tumbo linamuuma. Sabiti alimfukuza kazi mbele za watu. "Nenda kauze maandazi," alimwambia, "maandazi hayana mteremko." Mji mzima ulicheka. Gozbert hakwenda kuuza maandazi. Alikwenda Nyakahura akafungua gereji yake kando ya soko, na lile neno hakulisahau.

Ikaja ile miaka ya wakimbizi. Malori ya chakula yalipita kwenda Ngara usiku na mchana, yakirudi na breki zimekwisha kabisa, na Sabiti akapata kazi mpaka mikono ikamuuma. Ndipo akaja Ndizeye, Mrundi wa makamo, mwembamba, mke wake Speciose na watoto wako kambini upande wa Ngara. Alisema kule Bujumbura alikuwa fundi wa tajiri mmoja mwenye ugonjwa wa magari madogo ya Kiingereza, yale ya viti viwili. Sabiti alimtazama, akampa ufagio. Baada ya muda alimnyang'anya ufagio akampa spana, na tangu hapo wakafanya kazi pamoja.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa juu kwenye pedali, mwingine yuko chini kwenye gurudumu, analegeza nati mafuta yatoke na mapovu yake. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." Wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi ndani na kazi yote imeharibika. Kwa hiyo hamuwezi kuifanya kama mmoja hamwamini mwenzake. Sabiti na Ndizeye waliifanya vizuri mpaka wapita njia walikuwa wanasimama kuwatazama.

Ndizeye alivuka mpaka na kitu kimoja cha maana, saa ya mkononi. Akianza kazi aliivua akaitundika kwenye msumari karibu na mlango. Sabiti hakuwa na saa, na muda wa swala ulikuwa ukimpita kila mara, kichwa kiko chini ya lori. Basi Ndizeye, Mkatoliki wa kuzaliwa, ndiye aliyekuwa akimwita: "Fundi, adhuhuri imekaribia. Kanawe." Sauda, binti yake Sabiti aliyekuwa akiuza vipuri pale mbele, alikuwa akimtania: "Baba, wenzio wana muadhini msikitini, wewe wako yuko chini ya gari, tena ana rozari shingoni!" Wote watatu walikuwa wanacheka.

Sasa, kule Nyantakara alikuwapo Mzee Telesfori, bwana mkubwa wa zamani wa chama cha ushirika, na Mzee Telesfori alikuwa na MG. Ndiyo, MG! Gari dogo la kijani, chini kama benchi, paa la turubai. Aliinunua kwa Mzungu wa mgodi kule Geita, siku Mzungu alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao. Kwa miaka mingi ililala kwenye banda migombani, kuku wakiatamia mayai kwenye viti. Halafu kitinda mimba wake, Anjelika, akaposwa. Mzee akaapa mbele ya ukoo kwamba bibi harusi hatakwenda kanisani kwa gari jingine. Injini alikwishaihangaikia mwenyewe, ilikuwa inanguruma. Kilichobaki ni kusimama. Harusi ilikuwa Jumamosi, na gari lilikokotwa na trekta mpaka kwa Sabiti.

Walipoifungua walishika viuno. Ngoma za magurudumu zilikuwa zimeliwa na kutu, viatu vya breki vimeng'oka bitana, silinda zimegandiana. Ndizeye alisugua silinda kwa msasa laini na spiriti mpaka zikang'aa. Sabiti alikata bitana za lori, akazichonga kwa tupa zikakaa, akazipigilia ribiti moja moja. Kilichowashinda ni raba, zile kofia ndogo ndani ya silinda zinazozuia mafuta yasivuje. Zilipatikana kwenye Landrova iliyokufa nyuma ya misheni, maana Waingereza hawakupenda kubuni kitu mara mbili, na ile ya Landrova iliingia kwenye MG sawasawa. Zilitosha magurudumu yote, hakuna ya ziada.

Na hapa pana jambo la kuelewa. Magari yale ya zamani bomba lake la breki ni moja. Raba moja ikivuja kwenye gurudumu moja, mafuta yanakwisha, na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Huna nusu ya breki, huna robo. Una mteremko.

Siku ya Jumanne, Ndizeye alitakiwa kambini, ni siku ya kugawa chakula na jina la baba wa kaya ni lake. Likabaki gurudumu moja, la nyuma kushoto. Alipokuwa akinawa mikono alisema, "Fundi, hilo tuliache mpaka nirudi Alhamisi. Raba hizi zimekauka. Zinataka kulowekwa kwenye mafuta ya breki, halafu kidole tu. Buhoro buhoro, polepole."

Sabiti alikasirika, na alikasirika hasa kwa sababu maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Ndiye aliyewafundisha vijana wote kwamba bisibisi kwenye raba ni haramu. Isitoshe, asubuhi ile Mzee Telesfori alikuwa amepita, akampiga Ndizeye begani, akasema, "Huyu Mrundi wako, Sabiti, ndiye daktari!" Sabiti alicheka na wenzake, lakini moyoni lilimkwama kama mwiba wa samaki. Daktari! Na yeye nani, mbeba machela?

Basi mchana ule alilifunga gurudumu peke yake. Raba aliilowesha kidogo tu, akaisukuma kwa kidole, ikagoma mdomoni mwa silinda. Akasukuma tena. Ikagoma. Akatazama nje, hakuna mtu. Akachukua bisibisi.

Ikaingia. Lakini alihisi kitu kikikatika, kidogo, kama uzi. Akaitoa akaitazama. Ukingo wa raba ulikuwa umechanika, mchaniko mfupi kuliko ncha ya ukucha. Alikaa pale chini jasho likimtoka na uso ukimwaka, mtu mzima na mvi zake, kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake. Cha kufanya alikijua: kusubiri Alhamisi aseme, "Ndizeye, nimeharibu, tutafute nyingine." Maneno machache tu. Yalimshinda. Aliigeuza ile sehemu iliyochanika ikaelekea juu, akaifunga, akarudisha ngoma, akarudisha gurudumu, akakaza nati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi Ndizeye alirudi. "Umemaliza, Fundi?"

"Nimemaliza."

"Raba ya mwisho ilikubali?"

"Itakataa nini?" Sabiti alisema kwa ukali, na Ndizeye hakuuliza zaidi.

Walitoa upepo kama kawaida yao, Sabiti juu, Ndizeye chini. Pedali ikawa ngumu, nzuri. Sabiti akaanza kupumua. Lakini kwenye gurudumu la nyuma kushoto Ndizeye alichuchumaa muda mrefu. "Kuna nini huko?" Sabiti aliuliza. "Hakuna kitu, Fundi," alijibu Ndizeye, akapangusa mikono. Sabiti akasema kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani mapema.

Ijumaa alifika gerejini jua likiwa juu, akiburuta miguu. Alimkuta Sauda ana doa la mafuta kwenye kanga na Ndizeye anafunga ile breki ya mkono kwa kamba. Akageukia mlangoni aone saa ni ngapi. Msumari ulikuwa mtupu. Alitaka kuuliza, akaacha. Siku ile hakutaka kumwuliza Ndizeye chochote, asije naye akaulizwa.

Mzee Telesfori alifika na suti yake na ndugu zake. Watu wa mjini nao walikwishajikusanya, nani angekosa kuona kile kigari kikiteremka? Hata Gozbert alikuja kutoka Nyakahura, amevaa shati la mikono mirefu. Ilikubaliwa Ndizeye aendeshe, kwa kuwa ndiye aliyeyazoea magari yale. Akaingia, akawasha. Mlango wa pili ukafunguliwa, na watu wote wakamtazama Sabiti.

Sabiti alitazama kile kiti. Ngozi yake ilikuwa imepakwa mafuta, inang'aa. Alitazama mteremko unavyojikunja kushoto halafu unavyonyooka mpaka darajani. Alisikia mdomo wake unasema, "Ijumaa imenikuta, jamani. Nakwenda kuswali."

"Si mapema bado, Fundi?" mtu aliuliza.

"Basi tukusubiri," alisema Mzee Telesfori. "Hakuna haraka."

"Msinisubiri. Bibi harusi anangojwa. Ndizeye anatosha, naye alifunga."

Ndizeye alikuwa ameshika usukani. Alimtazama Sabiti kwa utulivu, bila kukunja uso. "Ni kweli, Fundi," alisema. "Nami nilifunga."

Sabiti alikuwa amekwishageuka anakwenda aliposikia sauti ya Gozbert nyuma yake: "Fundi! Tumbo linauma?"

Lo! Kicheko kilicholipuka hapo kilimfuata mpaka kwenye kona. Masikio yalikuwa yanamwaka. Lakini hakurudi.

Msikitini alitawadha, akakaa safu ya nyuma. Alijiambia kwamba pedali ilikuwa ngumu. Alijiambia kwamba mchaniko ni mdogo, na Ndizeye ni mwangalifu, na mteremko ni mara moja tu. Khatibu alihutubia, na Sabiti hakusikia hata neno moja, alikuwa anasikiliza nje. Gari lilikuwa bado linanguruma kule juu. Wanabishana nini hawa, si washuke tu iishe! Iqama ikakimiwa, wakasimama bega kwa bega, naye akafunga swala pamoja na wenzake. Kule nje kulikuwa na mtu mmoja ndani ya gari lenye raba iliyochanika, na Sabiti aliweza kusimama, akaweza kurukuu, akaweza kusujudu.

Ilikuwa rakaa ya pili sauti za watoto zilipopita dirishani, wakikimbia: "Sauda! Sauda kakalia kiti cha fundi!"

Sabiti hakutoa hata salamu. Alitoka katikati ya safu, akapita mbele ya watu, akaviacha viatu. Alikata njia kwenye shamba la mihogo, kofia ikabaki kwenye tawi, kanzu ameikusanya mkononi, nyayo zinachomwa na visiki. Mungu wangu, Sauda! Alijitupa barabarani pale mteremko unaponyooka, na kile kigari kilikuwa kimekwishapita kona, kinamjia kwa kasi, kitambaa cha Sauda kinapepea.

Alisimama katikati ya barabara akatanua mikono, akapiga kelele ambayo walio juu waliisikia, na wa darajani nao. "Simameni! Raba imechanika! Nimeichana mimi! Mimi, kwa bisibisi! Ndizeye, breki hamna!"

Na gari likasimama. Lilisimama polepole na kwa adabu, bila kuserereka wala kupiga yowe, taa zake mbili za mviringo zikamfikia magotini. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu. Sauda amekaa wima, mikono magotini.

Sabiti hakuelewa. Aliinama akatazama gurudumu la nyuma kushoto. Kavu. Watu walikuwa wanafika, kutoka juu na kutoka chini, wakihema, na kila mmoja alikuwa amesikia. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Baba," Sauda alisema, kwa sauti ndogo ili isivuke mlango, "raba ilibadilishwa alfajiri. Nilimkanyagia pedali mimi, ndiyo maana nikakaa. Aliniambia nisikwambie, usije ukafedheheka."

"Raba ilitoka wapi?" Sabiti aliuliza. "Hakukuwa na ya ziada."

Gozbert alikuwa amesogea mbele ya umati, na alipoinua mkono kujipangusa jasho mkono wa shati ukashuka. Ile saa ilikuwa kifundoni mwake. Sabiti aliijua hata mkanda wake ulivyoshonwa na uzi mweusi.

"Alikuja kwangu jana jioni na lori la chakula," alisema Gozbert, naye sasa hakuwa na mzaha. "Akasema anataka raba ya Landrova. Sikujua ni ya kazi gani. Hakulitaja jina lako hata mara moja, Fundi."

Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema wazee. Lakini Sabiti kilio chake alikipiga mwenyewe, saa ambayo maradhi yalikwishatibiwa na mwenzake amekwishamsitiri. Angemaliza swala yake taratibu, angerudi, angekuta gari liko darajani na watu wanapiga makofi, na asingejua mtu hata mmoja. Alisimama pale peku, kanzu imechafuka udongo, akatamani ardhi impasukie.

Na hilo halikuwa la kumuumiza kuliko yote. Dini inamruhusu mtu kukata swala akaokoe roho, hilo alilijua tangu madrasani. Roho ilikuwapo ndani ya gari tangu mwanzo. Ilikuwapo wakati wa hotuba, ilikuwapo kwenye rakaa ya kwanza. Speciose na watoto wa Ndizeye walikuwa kambini wanaingoja.

Mzee Telesfori, mtu mwenye busara, akawaambia watu wake wapande juu. Sauda alifungua mlango, akatoka. Alipopita alimshika baba yake mkono kidogo, akaenda zake. Kiti kikabaki wazi.

Ndizeye alikuwa bado ameshika usukani, akitazama mbele. "Ingia, Fundi," alisema. "Tumalize."

Sabiti akaingia. Aliweka mikono magotini, kama baba yake alivyomfundisha. Walishuka kipande kilichobaki mpaka darajani, na breki zilishika kila mara Ndizeye alipogusa, laini, magurudumu yote manne. Zilikuwa breki nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka gereji ile. Darajani Ndizeye alizima injini. Chini yao maji yalikuwa yanapita kwenye mafunjo.

"Fundi, nina swali," alisema. "Si la ugomvi."

"Uliza."

"Umekimbia kwa sababu ya Sauda. Mimi nina watoto, naelewa, hata mimi ningekimbia." Kidole gumba chake kilipapasa kifundo cha mkono, pale saa ilipoacha ngozi nyeupe. "Kama Sauda asingepanda?"

Sabiti alifungua mdomo. Uongo ulikuwepo, tayari umeiva, na Ndizeye ni mtu ambaye angeupokea akaukunja akauweka, kama alivyoifanyia ile raba. Ndiyo maana ulimshinda kuusema.

"Ningemaliza swala," alisema Sabiti.

Ndizeye akaitikia kwa kichwa. Akafungua ile kamba ya breki ya mkono, fundo baada ya fundo, akaikunja vizuri akamkabidhi.